Karatasi Ndani ya Kitabu cha Nyimbo

Nilikuwa kwa fundi wa kompyuta pale Gongoni, mjane mmoja alipoleta kompyuta ya marehemu mumewe. Ilikuwa imejifunga, inadai namba ndefu ya kuifungulia.

"Bila hiyo namba, mama, picha zote ndiyo basi," fundi akasema.

Mama akatoa karatasi katika kitabu cha nyimbo. "Marehemu aliniambia niiweke mahali ninapofungua kila Jumapili."

Fundi akaingiza tarakimu arobaini na nane. Ikafunguka. "Usiichane, mama, kompyuta inaweza kuidai tena."

"Niichane?" Akaikunja taratibu kwenye mikunjo ileile. "Huu ni mwandiko wake."

Mimi namba ya kompyuta yangu nilikuwa nimeihifadhi ndani ya kompyuta hiyohiyo inayoihitaji. Jioni nikainakili kwa mkono, nikampa mke wangu. Nilijitahidi mwandiko uwe mzuri.