Sardine Zenye Nilifuta Date, Mama-Mukwe Akanipikia

Admin, ufiche sana jina yangu, juu bantu ya Katuba batanitambua mbio. Niko na miaka makumi mbili na sita. Ninafanyaka makucha ya bamama: natia vernis, ile rangi ya makucha, natosha ya zamani, njo kazi yangu. Mama yangu alikufa nikiwa mudogo, nikakomea kwa ndugu yake, Mama Mudogo, mwenye iko na depot, duka ya bya kula, hapa Katuba. Njo alinilea, njo alinisomesha. Mujue ile kwanza, juu kile nitasema sasa ni kichafu, na miye njo nilikifanya.

Mwaka iliyopita Mama Mudogo alianza kuleta ku nyumba makarton ya sardine yenye date, tarehe ya mwisho ya kukula, ilishapita. Bengine banatupaka, yeye anaokota. Akanikalisha, akasema: «Leta dissolvant yako, ile dawa ya kutosha vernis, na pamba. Futa paka date tu, usiguse jina ya sardine.» Nikamuuliza: «Mama Mudogo, haitaumiza bantu?» Akacheka mpaka machozi. «Weye naye! Samaki iko mu boîte, inajua hata leo ni siku gani? Ni bazungu njo banaogopaka date.» Basi kila dimanche, kisha misa, tunatoka kulomba Mungu, tunaikala chini. Miye nafuta, yeye anagonga date ya mupya na kacachet, kamuhuri kake kadogo, kesho yake zinauzwa ku depot. Hatukusikia hata haya.

Lakini dissolvant inakulaka na rangi. Chini ya ile boîte iko rangi ya dhahabu, na pale pamba yangu ilipita inabakia alama nyeupe, ukubwa ya kidole gumba. Muntu mwingine hawezi kuiona. Miye naiona.

Siku moja boîte moja ilikuwa imevimba. Nilipoifinya ikapasuka, ikanirukishia mayi ya kijivu mpaka hapa ku mukono. Yesu wangu! Ile harufu! Nilinawa na savon, nilinawa na ndimu, nilinawa na majivu, bule. Siku tatu nikiinua tonge ya bukari, ugali yetu, harufu iko pale mbele ya mdomo, natapika. Mama Mudogo akasema: «Tupa ile moja, endelea na zingine.» Na miye nikaendelea. Munitukane, sikatae.

Sasa musikie. Niko na fiancé, muchumba yangu, kijana ya mutaa ya Ruashi. Mwezi iliyopita alinipeleka kwa mama yake kula mara ya kwanza. Kwabo, muke mwenye atakuja kuolewa haachake kitu mu sahani ya kwanza ya mama-mukwe. Ukiacha, umezarau ukoo muzima, hata dot, mahari, inaweza kufa. Nilijua, nikaenda na njaa yangu yote.

Ule mama alikuwa amelala wiki mbili na tumbo. Amekonda mpaka shingo. Lakini aliamuka kwa ajili yangu, akajikokota mpaka ku cuisine. «Mutoto yangu, unisamehe, sikuweza kufika ku soko kutafuta kuku. Niko paka na sardine. Nilinunua carton muzima kule Katuba, bei muzuri. Na hii tumbo inakataa byote, ni sardine njo inakubali kidogo.»

Nikaingia kumusaidia. Boîte tatu zilikuwa pale, tupu, zimepinduliwa. Nikaangalia chini yazo. Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Kazi ya mikono yangu.

Akanipakulia yeye mwenyewe. Sauce nyekundu, mafuta inaelea juu, na yeye amekaa mbele yangu ananiangalia mdomo. Nilikula. Kila tonge inashuka, inapanda, naimeza tena. Harufu ya ile siku ikarudi mpaka mu pua. «Ni tamu?» «Ni tamu sana, mama.» Akafurahi, akaniongeza.

Tukiaga, akanipa boîte mbili mu sachet. «Pelekea ule mama mwenye alikulea. Alifanya kazi kubwa.» Njiani nilitapika nyuma ya ukuta ya bantu, fiancé ananishikia kitambaa ya kichwa, anacheka eti pengine niko na mimba.

Ku nyumba nikaweka sachet mbele ya Mama Mudogo. Nikasema paka: «Mama-mukwe anakutumia zawadi.» Uso ukafunguka: «Ona bantu ya roho muzuri!» Kisha akapindua boîte ya kwanza. Kidole yake ikapita pale ku nyeupe, ikasimama.  Akazirudisha mu sachet, akafunga mafundo mbili, akasema: «Tupa kule mbali. Usipatie hata imbwa.»

Hata imbwa! Mwaka muzima ananiambia samaki haijui siku.

Nikamwambia ule mama iko mugonjwa. Akaniangalia bila kupepesa: «Ukisema, batanipeleka ku buloko, mu gereza, na weye mwenye ulifuta tutaenda pamoja. Na dot yako, nani ataipokea? Shi ni miye njo mama yako?» Na yote ni kweli.

Dot ni kisha wiki mbili. Nguo imeshashonwa. Nikifungua mdomo, napoteza bwana na mama mwenye alinilea siku moja. Nikifunga, ule mama anaendelea kukula. Najichukia, bandugu. Hata mikono yangu nachukia kuiangalia.

Jana nilimupigia simu. Sauti imekuwa kidogo. Anasema docteur alimupatia dawa ya typhoïde, haisaidii kitu. «Lakini usihangaike, mutoto yangu, ninajikaza kukula. Carton haijaisha. Na boîte zako za siku ya dot nimeziweka pembeni.»

Munishauri, bandugu, lakini munishauri leo. Nifanye nini? Saa ya bukari ikifika, atafungua ingine.