Mama Ndege na Tozo ya Mafuta

Mtaani kwetu mke wangu anaitwa Mama Ndege, na kwa miaka yote aliyoitwa hivyo alikuwa hajapanda ndege hata siku moja. Anauza tiketi. Ofisi yao ni chumba kimoja chini ya ghorofa, kati ya fundi simu na duka la miwani: meza mbili, kompyuta mbili, feni inayolalamika kila ikigeukia mlangoni, na ndege ndogo ya plastiki ambayo bawa lake moja limerudishwa kwa gundi. Mashirika huwapa mawakala safari za bure wakajionee wanachokiuza, lakini hizo huishia kwa bosi na shemeji zake. Mke wangu amepeleka nusu ya mtaa angani, yeye akabaki chini kuwakumbusha wasisahau pasi.

Watu wanampenda kwa sababu hana maringo wala haraka. Bibi kizee akija na hofu zake anakalishwa, anapewa maji, anaelezwa safari nzima mpaka mahali pa kuchukulia mzigo, utadhani uwanja ule mke wangu ndiye aliyeujenga. Na kwa kila mteja ana neno lake: "Kata leo. Siti haina undugu." Maana kazi yao iko hivi: unaweza kumshikia mteja siti kabla hajalipa, lakini kompyuta inaweka muda. Muda ukipita bila tiketi kukatwa, jina linafutwa, na hakuna wa kumlilia.

Sasa kuhusu mafuta. Yalipopanda bei, mashirika ya ndege yaliongeza mstari mmoja kwenye tiketi, chini ya nauli yenyewe: tozo ya mafuta. Tangazo lilifika ofisini wiki ileile. Mstari ule ukanenepa mpaka kwa safari nyingine ukakaribia kuipita nauli. Watu wakalipa, wakasema ndiyo dunia. Halafu mafuta yakashuka. Redio ikatangaza, na mimi dereva teksi nikaona kwa macho yangu pale pampu. Abiria hawakunipa hata nafasi ya kupumua: "Dereva, mafuta si yameshuka? Punguza basi." Nikapunguza, ningefanyaje? Lakini wenye ndege, kimya. Kupanda walipanda mbio, kushuka wamesahau njia. Ukiwauliza, wanakwambia mafuta waliyonayo waliyanunua zamani kwa bei ya juu. Mbona bei ilipopanda hawakuyakumbuka yale ya zamani ya bei ya chini? Jambo hili linanichemsha damu mpaka leo, na sioni sababu ya kulipoza.

Na anayetukanwa si mwenye ndege. Ni mke wangu. Siku moja nilikuwa nimempelekea chai, nikamsikia mzee mmoja akimwuliza, "Mama, hii ya mafuta unaitia mfukoni kwako, siyo?"

"Baba yangu," akamjibu, "ningekuwa naitia mfukoni ungenikuta hapa na feni hii?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa, akakata tiketi. Ndivyo alivyo mke wangu. Kwa wateja ana maji baridi kifuani. Kumbe ndani alikuwa anaungua kuliko mimi, na nilikuja kulijua hilo binti yetu alipopata ujauzito.

Binti yetu ni mmoja tu, na ameolewa ng'ambo. Mimba ya kwanza. Alimwomba mama yake awe naye siku ya kujifungua, na mama yake akaitikia kabla sentensi haijaisha. Hela ilikuwepo, tuliiweka kwa ajili hiyo. Ruhusa ya bosi ilikuwepo. Kilichobaki ni kukata tiketi, na huyu ni mtu anayekata tiketi asubuhi mpaka jioni. Lakini wahenga hawakukosea, kinyozi hajinyoi.

Tozo huhesabiwa kwa siku unayokata tiketi, si siku unayosafiri. Mke wangu akajiwekea kichwani kwamba mafuta yakishuka hivi, tangazo la kupunguza litakuja tu, na yeye hatalipa dhuluma ambayo ameiombea radhi kwa watu mwaka mzima. Akajishikia siti, akangoja. Muda ukakaribia kuisha, akaiachia, akashika nyingine. Kila asubuhi anafungua kompyuta anaangalia ule mstari kabla hajavua hata mtandio. Uko palepale. Anaachia, anashika tena. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa nyumbani kwetu barabara ni yangu na anga ni lake. Lakini begi lake lilikuwa wazi chumbani, kanga za mtoto zimekunjwa ndani, na kila nikilipita nahesabu siku zilizobaki.

Jumamosi moja muda wa siti ulipita yeye akiwa sokoni. Aliporudi ofisini kushika nyingine, ndege ile ilikuwa imejaa. Iliyopatikana ilikuwa inaisogelea mno tarehe ya daktari. Akaishika, akarudi nyumbani, akapika chakula kikaungua.

Kesho yake binti akapiga simu. Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa, tunakunywa chai.

"Mama, umeshakata?"

"Nimeshika siti, mwanangu."

"Umeshika tangu lini? Mama, kukata lini?"

"Si hii tozo yao, mwanangu. Mafuta yameshuka, lazima nao washushe. Wiki hii hii, utaona."

Binti akasema, polepole, bila hasira, "Mama, tumbo langu halijui bei ya mafuta. Wewe unaingoja tozo. Mimi nakungoja wewe. Naogopa, mama."

Mke wangu aliweka kikombe chini. Hakumjibu binti kitu zaidi ya "sawa, mama, sawa," kama anavyosema mtu aliyepigwa mahali panapouma. Jumatatu alifika ofisini kabla ya bosi. Mwenzake wa meza ya pili alinisimulia baadaye: aliketi, akatafuta ndege ya karibu zaidi, akapata siti moja ya keshokutwa iliyoachwa na mtu, akajikatia tiketi yake mwenyewe na mstari wote wa mafuta ndani yake.

"Dada, si ulisema hulipi?" mwenzake akamwuliza.

"Nimelipa. Na bado ni wezi."

Nilimpeleka uwanjani kwa teksi yangu. Njia nzima alinisomea mambo ya friji na bomba la bafuni. Alipofika mlango wa wasafiri alisimama ghafla, yeye aliyewaelekeza maelfu, akaniuliza apite upande gani. Nilicheka, naye akacheka, na nilimwona amefurahi kama msichana. Baadaye aliniambia kuwa mle ndani ya ndege hakukataa kitu. Kila kijana wa juisi alipopita, alichukua. "Nimelipia mafuta yote yale," alisema, "ningekataa na juisi?"

Alilala kwa binti usiku mmoja tu. Asubuhi, mkwe wetu akiwa kazini, chupa ya uzazi ikapasuka, mapema kuliko alivyosema daktari. Aliyeita gari ni mke wangu, na mkono uliofinywa mpaka ukaota alama za kucha ni wake.

Mimi nilikuwa kwenye foleni ya teksi simu ilipolia. Nilisikia kwanza korido, watu wanapita, mlango unafungwa. Kisha pumzi yake karibu na simu.

"Wa kike," akasema. "Mzima. Na mama yake mzima. Nimembeba hapa."

Nilishuka garini, nikaegemea boneti, nikalia mbele ya madereva wenzangu wote, kwa sauti, bila aibu, nikiuliza uzito na sura kwa pamoja.

"Babu wewe," mke wangu akaninong'oneza, "punguza sauti. Utamwamsha."