Jina la Nane

Ofisini kwetu, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo, yuko mwandishi wa programu tunayemwita Mzee Kabati. Si mzee, ana miaka arobaini na sita, ila macho yake yamebakiza mwanga wa dirisha tu. Kompyuta humsomea kila kitu, kwa kasi ambayo sisi wenye macho hatuambulii neno.

Mwezi uliopita mkuu wetu alimwambia, "Ndugu yangu, mwisho wa mwezi utahamia mapokezi. Utapokea simu."

Miaka kumi na tisa ya kazi, halafu simu! Niliwaka. Nani alisema programu huandikwa kwa macho? Mwenyewe hakubishana. Aliomba wiki tatu apange hazina ya mafaili ya mradi wetu ulioandikwa kwa Python, lugha ya kompyuta, ule unaowakumbusha kina mama tarehe za chanjo za watoto.

Mafaili mia na arobaini yalikuwa yamerundikana pamoja kama viatu mlangoni pa ukumbi, alivyosema mwenyewe. Akayagawa katika folda zenye folda ndogo ndani yake: jumbe, ratiba, majaribio, maelezo. Kanuni yake ilikuwa moja: popote majina yasizidi saba, yasikike kwa pumzi moja.

"Mzee Kabati, hata soksi umezipanga hivyo?" nilimtania.

"Zangu ndiyo. Zako nazitambua kwa harufu."

Siku tatu kabla ya uhamisho, jumbe zikaanza kwenda na tarehe za mwaka jana. Kina mama wakapiga simu, wengine wakifoka. Sisi wanne tukaukodolea macho msimbo wa programu asubuhi nzima. Kila mstari ulikuwa sawa.

Mzee Kabati akaifungua hazina, akasikiliza, akainua kidole.

"Hapa mwanzoni, nje ya folda zote, niliacha majina saba. Nasikia manane. Nani kaweka 'kalenda' nyingine huku nje? Python inaikuta hii kwanza, ile ya kwenye ratiba haiifikii."

Jana yake nilikuwa nimeleta nakala ya zamani ya kalenda kufanyia jaribio, nikaisahau. Mimi, mtetezi wake mwenye kelele!

"Ni mimi, kaka."

"Ifute basi."

Nikaifuta. Tarehe zikakaa sawa.

Mkuu alikuwa amesimama nyuma yetu na barua ya uhamisho. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Kule mapokezi simu ikalia tena.

"Sasa nani atapokea?" akauliza.

"Aliyeacha kiatu mlangoni," akajibu Mzee Kabati.

Nikaenda mbio.