Kijiko Kwenye Gilasi

Muuza chai wa soko la santuri hapa Istanbul haitwi kwa jina. Unagonga kijiko kwenye gilasi mara mbili, naye huyo, sinia linaning'inia mkononi na hakuna tone lililomwagika. Leo Nurhan alikuwa dukani kwake akijaribu santuri ya roki ya mwaka sabini na mbili, iliyorekodiwa ghorofani humohumo, ikalala stoo bila mnunuzi. Katikati ya magitaa ikasikika ting, ting. Muuza chai akaingia.

“Nani kaita?”

“Hakuna, mzee. Ni santuri.”

“Huyo Taylan wa gitaa. Sukari mbili.”

“Taylan si keshazikwa?”

“Najua, nilibeba jeneza. Lakini kaita.”

Akakoroga sukari, akatazama kiti kitupu, akatazama spika, akabaki na gilasi mkononi, hajui aiweke wapi.