Amonaiti za Baba

Mwanza tumejaliwa mawe, lakini mawe yetu hayana kitu ndani. Baba alinieleza hivyo nikiwa na miaka kumi, tumekaa juu ya jabali nyuma ya nyumba yetu, Kirumba.

"Haya yalitoka kwenye moto," alisema. "Ninayoyatafuta mimi yalitoka baharini."

Baba alikuwa fundi cherehani. Kila mwaka, baada ya Idi, alifunga kibanda chake wiki mbili akaenda Lindi, alikoolewa shangazi yangu. Majirani walidhani anakwenda kumsalimia dada yake. Kumbe kutwa nzima alikuwa kwenye ukingo wa kijito kilichokauka, na nyundo na patasi, akichimba amonaiti: viumbe wa bahari ya kale waliojikunja kama konokono, wakageuka mawe. Kibali chake kilikuwa cha kuchimba, si cha kuondoka nazo. Aliziacha kwenye kabati la shule ya kijiji, akarudi kwetu na michoro ya penseli.

"Baba, na mimi nije."

"Ukimaliza darasa la saba."

Nilimaliza. Akasema kidato cha nne. Kisha nikaolewa Buhongwa, nikapata watoto, na kila Idi nilipokwenda kwa wazazi nilikuta begi lake limeshafungwa, liko mlangoni. Nililionea wivu begi lile.

Halafu kisukari kikamla mguu, ukakatwa chini ya goti. Idi iliyofuata nilimkuta kibandani, hana kazi mkononi, anaipaka patasi mafuta.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

"Wewe? Hujui hata pa kuanzia."

"Utanielekeza kwa simu."

Kesho yake alimtuma mama aniletee nyundo.

Siku tatu za kwanza kule Lindi sikupata kitu ila malengelenge. Simu ilishika mtandao juu ya ukingo tu, kwa hiyo siku ya nne shangazi alisimama huko juu, akainyoosha kunielekea mimi niliyekuwa chini, na baba akawa ananiona kutoka Kirumba.

"Nenda kulia, penye udongo wa kijivu," sauti yake ilishuka. "Hapo. Usipige jiwe lenyewe. Piga pembeni, taratibu."

Nilipiga. Jiwe likapasuka, na ndani yake kulikuwa na duara lililojikunja, limejaa mistari, kubwa kama kiganja changu.

"Baba, unaiona?"

"Naiona. Ishike. Ikoje?"

"Nzito. Ya baridi."

"Mistari inakwaruza?"

Nilipitisha kidole. "Inakwaruza, baba."

"Ndivyo ilivyo," akasema. "Ndivyo ilivyo, mwanangu." Halafu nikamsikia mama akimwuliza analilia nini.

Nami nililia. Tangu utotoni nilitamani kusimama pale, lakini katika kutamani kwangu kote baba alikuwa kando yangu, magoti yake yamejaa vumbi. Sasa nilikuwa kijitoni na yeye alikuwa nyumbani, na hakuna aliyepata alichokitaka.

"Mkono wangu umekufa ganzi," shangazi aliita kutoka juu. "Mtalia mpaka lini?"

Tulicheka wote watatu, kisha simu ikakatika.

Niliipeleka shuleni amonaiti ile. Mwalimu aliiweka kabatini pamoja na zile za baba, na hapo ndipo nilipoziona kwa mara ya kwanza. Nilizishika moja moja. Nikaongeza siku mbili za kukaa, mume wangu nikamwambia mabasi yamejaa.

Nilipofika Mwanza, baba alinipokea mlangoni kwa magongo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, lakini habari za safari hakuuliza.

"Mvua imeanza kule?"

"Bado."

"Ikianza, maji yatakula ukingo. Yataacha nyingine wazi."

Akageuka kutazama kusini, kule ambako kutoka kwetu huonekana majabali tu na mabati ya nyumba za watu.