Mluzi wa Kuitia Ng'ombe

Mwalimu wetu wa kompyuta pale chuoni Bariadi alitupa kazi ya kuandika ukurasa mmoja kuhusu mitandao ya kijamii na haki miliki. Nilieleza haki miliki ni nini, nikataja picha, nyimbo na vitabu, nikapata alama nzuri kuliko nilivyozoea. Habari ya baba sikuigusa. Nilikuwa naona aibu, na pia sikuwa na hakika kama mluzi unaweza kuitwa kazi ya mtu. Naiandika hapa kwenye daftari langu, taratibu, na kama kuna mtu nitamwonea basi ni kwa kutojua.

Kwetu ni nje kidogo ya Mwanhuzi, nchi kavu, ya ng'ombe zaidi kuliko pamba. Wakati wa kiangazi makundi mengi yananywa kwenye lambo moja. Ng'ombe wanachanganyika hadi mgeni atadhani wote ni wa tajiri mmoja. Wakishashiba maji, kila mwenye kundi anasimama upande wake anaita, na ng'ombe wake wanajitoa wenyewe katikati ya wenzao. Wako wanaoita kwa kupaza sauti, wako wanaogonga debe. Baba anapiga mluzi. Unapanda, unakatika, halafu unashuka polepole kama mtu aliyechoka anayekaa chini. Aliutunga mwenyewe siku alizopata ng'ombe wake wa kwanza, na hakuna mwingine anayeupiga. Hakuna aliyekataza. Ni kama kofia ya mwenzako: hata akiiweka pembeni, huivai.

Nilimrekodi asubuhi moja wakati wa likizo, akiwa amenipa mgongo. Sikumwambia. Nia yangu haikuwa mbaya, naweza kuapa. Bariadi nilikuwa nimepanga chumba karibu na stendi, naamshwa na honi za mabasi, nikawa nataka kuamshwa na baba. Wiki ya kwanza iliishia hapo, kwenye kengele ya simu yangu tu. Kisha msichana niliyekuwa napanga naye akasikia, akasema, "Weka mtandaoni, shoga yangu. Hii itatembea." Nikaweka, nikaunganisha na picha ya ng'ombe wakitoka bomani.

Chini ya video mtandao ukaandika wenyewe "sauti asilia", na mbele yake jina la akaunti yangu. Niliona, nikapita. Leo nikilifikiria nashindwa kusema kama nilipita kwa haraka au kwa sababu lilinipendeza.

Ikatembea kweli. Mchekeshaji mmoja wa Dar akauweka mluzi kwenye video yake: mwanaume anapiga mluzi uani, wanawake watano wanatoka kwenye milango mitano wakikimbia. Nilicheka, sitakana. Ilichekesha. Baada yake kila mtu akawa na ya kwake. Nikasikia mluzi wa baba kwenye saluni, kwenye kibanda cha chipsi, kwenye simu ya abiria nisiyemjua.

Wiki ya kufunga chuo mama akapiga simu.

"Umefanya nini huko, mwanangu?"

"Kwani kuna nini, mama?"

"Baba yako jana kawatoa ng'ombe lamboni kwa fimbo."

Nilikaa kitandani. Baba hana tabia ya kuwapiga ng'ombe. Fimbo yake ni ya kuegemea.

Mama akanieleza. Kijana wa bodaboda alikuwa lamboni anamsubiri abiria, akafungua simu, mluzi ukalia kwa sauti kubwa. Ng'ombe wetu wakaacha maji, wakaizunguka pikipiki, wakaanza kumnusanusa kijana. Watu walicheka mpaka wakashika magoti, na baba alicheka pamoja nao. Kesho yake vijana wengine wakafanya makusudi. Keshokutwa tena. Ng'ombe wakawa wanaitwa, wanakuja, hawamkuti mwenyewe. Siku ya nne baba aliposimama upande wake akapiga mluzi, nusu ya kundi hawakuinua hata kichwa. Jua linazama, fisi si mbali, na mmoja wao ana mimba kubwa. Ndipo fimbo.

Sikuweza kumlaumu mtu kabla ya kujilaumu mwenyewe, lakini nilimwandikia yule mchekeshaji. Nilitegemea matusi au kimya. Alijibu siku hiyo hiyo: "Pole sana dada. Mimi niliitoa kwa mtu, nikajua ni ya bure. Naifuta. Au niandike jina lako?" Swali lile lilinichoma, ingawa yeye alikuwa anajaribu kunitendea haki. Nikamjibu kwamba jina langu halihusiki. Akafuta, na mimi nikafuta yangu. Zilizobaki kwa watu wengine hazikuwa na idadi.

Nikapanda basi la nyumbani. Nilimkuta baba amekaa kwenye kigoda anasokota kamba.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu." Mayu kwa Kisukuma ni mama. Ananiita hivyo tangu niko mdogo, hata siku za kuchapwa.

Nikamweleza yote. Lile la jina nililiacha mwisho, na nusura nilimeze.

"Kwa hiyo huko kumeandikwa mluzi ni wako?"

"Ndiyo, baba."

"Umeandika wewe?"

"Mtandao uliandika wenyewe. Ila sikuukatalia."

"Vizuri." Akaweka kamba chini. "Simama pale mlangoni kwa boma, uwaite ng'ombe wako."

Nilidhani ni utani. Ulikuwa utani, lakini si wote. Nikasimama, nikakunja midomo, ukatoka upepo na mate kidogo. Nikajaribu tena. Mama alikuwa jikoni, akatoa kichwa: "Jamani, huyo anaita kuku?" Ndama mmoja alinitazama, akaendelea kukojoa. Baba akacheka mpaka akafuta macho.

"Wamekukatalia, mayu. Hawajaisoma hiyo simu yako."

Nilicheka na mimi, nikiwa na machozi karibu. Kisha akaiokota kamba yake.

"Mtu akiniibia ng'ombe, nafuata nyayo," akasema. "Huu nifuate wapi? Na huwezi kusema umeibwa, maana ninao hapa mdomoni. Umebaki. Ila hauiti."

Kwenye ule ukurasa wa mwalimu hakuna mahali nilipoeleza jinsi kitu cha mtu kinavyoweza kuharibika kikiwa bado mkononi mwake.

Yule kijana wa bodaboda alikuja kesho yake kwa miguu, pikipiki ameiacha barabarani.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuomba radhi. Nilitaka tu watu wacheke."

"Walicheka?"

"Walicheka, mzee."

"Basi hukushindwa. Usirudie." Mama akampa maziwa, akayanywa amesimama. Ningekuwa mimi nisingethubutu kuja.

Baba akatunga mluzi mwingine. Nilimsikia siku mbili akiutafuta, anaanza, anaacha, anasema peke yake, "Hapana, huu ni wa mbuzi." Alipoupata ulikuwa mfupi, unashuka kwanza ndipo unapanda. Kila asubuhi mimi nilishika beseni la magadi mlangoni kwa boma, yeye anapiga, ng'ombe wanakuja kulamba. Ndama walishika upesi. Wakubwa walimwangalia kama mtu aliyebadilisha dini. Ng'ombe mmoja mzee, mama wa karibu nusu ya kundi, hakuja hata siku moja. Baba alimpelekea magadi kwenye kiganja.

Siku ya kujaribu lamboni nilikwenda naye. Makundi yalikuwa manne. Alisimama upande wake, akalamba midomo. Akapiga. Hakuna aliyetoka. Akapiga tena. Mtamba mmoja mwekundu akainua kichwa, maji yanamdondoka, akaanza kuja. Nyuma yake wawili, kisha mwenye mimba, kisha kundi, wanasukumana kama watoto wanaotoka kanisani. Baba aliwagusa mgongoni mmoja mmoja walivyopita.

"Baba, huu nao ni mzuri," nikasema.

"Unaupenda?"

"Sana. Naomba niurekodi. Sitauweka popote, nitausikiliza chuoni tu."

Alifikiria kweli. Alinitazama, akautazama mfuko wangu wenye simu.

"Hapana, mayu. Ngoja kwanza wao wauzoee."

"Sawa, baba."

Ng'ombe mzee alikuwa bado majini, peke yake kati ya ng'ombe wa watu. Baba akavua ndala, akakunja suruali, akaingia kwenye tope hadi magotini. Alipomfikia akainama karibu na sikio lake, akampigia ule wa zamani, kwa sauti ndogo ambayo kutoka pale niliposimama niliisikia kwa shida.