Sponji la Pikipiki na Godoro la Perpetua

Jirani yangu hapa Nyasho anaoshaga chujio la pikipiki yake uani. Harufu ya mafuta ya taa na sabuni ya kipande ikivuka ukuta, naachaga ninachofanya. Juzi ilinikuta namnyonyesha mwanangu wa mwisho. Nilikunja uso mpaka mtoto akaacha ziwa akanitazama. Ngoja niwaambie sababu. Jambo lenyewe kwetu halisemwi, na mimi yasiyosemwa yamenichosha.

Baba yetu alikuwa bwana mifugo. Miaka ile maduka yalikuwa matupu, sabuni foleni, kanga foleni, lakini yeye serikali ilimpa pikipiki ndefu ya njia mbovu, yenye matairi ya meno. Alizunguka nayo Butiama na Bunda kuchanja ng'ombe, akarudi nyusi zimekuwa nyekundu. "Vumbi halina adabu," alisemaga, "linaingia bila hodi." Ndiyo maana chini ya kiti kulikuwa na chujio la hewa: sponji jeusi lililovikwa fremu ya bati yenye matundu. Bila hilo vumbi linaingia kwenye injini, linakula pistoni kama msasa.

Kuliosha ilikuwa kazi yangu kila Jumamosi, nami nilikuwa na miaka tisa. Nililiosha vizuri, sioni aibu kusema. Unalitumbukiza kwenye mafuta ya taa, unalibonyeza. Hulinyongi kama nguo, litachanika. Halafu maji ya sabuni mpaka yatoke safi. Unalianika kivulini. Likikauka unalipaka oili, unalibonyeza tena mpaka lisidondoshe. Oili ikipungua, vumbi linapita. Ikizidi, pikipiki inakosa pumzi, inakohoa. Dada yangu Perpetua, aliyekuwa darasa la saba, aliniita Bibi Mapovu.

Perpetua alikuwa na akili kutuzidi wote, ila kila mwezi alikosaga shule siku tatu, nne, na hasemi kwa nini. Mwalimu akaandika barua. Baba aliisoma mezani, akaikunja.

"Ukikosa tena, utakwenda Murangi kwa bibi yako ukalime mihogo. Shule si ya mtu wa kuichagulia siku."

Mama alikuwa anagawa ugali. Mkono wake ulisimama kidogo, ukaendelea.

Jumamosi iliyofuata sponji likanifia mkononi. Nililibonyeza likameguka kama mkate uliolowa. Baba alikwenda bohari akarudi mikono mitupu. Mwenzake wa Bunda alishajaribu kufunga kitambaa badala ya chujio. Haukupita mwezi, injini ikafa, sasa alikuwa anachanja kwa miguu. Jumatatu Butiama walikuwa wanamngoja baba. Na hicho kitambaa tungekitoa wapi, wakati kanga ikizeeka inakuwa nepi, na nepi ikizeeka bado inagombaniwa?

Nikaona ni zamu yangu kuokoa nyumba.

"Baba, sponji lipo. Kwenye godoro letu. Dada huwa anakata."

Nikaliburuta godoro mpaka uani, nikaligeuza kwa fahari. Upande wa ukutani lilikuwa limekatwa kwa wembe, vipande vya mstatili, urefu wa kiganja, nadhifu kabisa. Baba akamwita Perpetua.

"Unampelekea nani?"

Perpetua alitazama miguu yake.

"Nakuuliza, sponji unampelekea nani? Fundi viatu? Kuna mvulana?"

Perpetua akainama, akaufunika mkato kwa viganja.

"Basi. Jumatatu huendi shule. Funga nguo zako, unakwenda Murangi."

Nilikuwa nimesimama na mkasi mkononi, bado nangoja kusifiwa. Mama akatoka jikoni, unga umemjaa viganjani.

"Baba Perpetua, huyo amekua. Kata sponji la pikipiki yako, umwache mwanangu."

"Kukua ndiyo kuharibu godoro?"

"Siku nne kila mwezi," mama akasema. "Hesabu mwenyewe."

Akarudi jikoni. Baba alilitazama lile godoro muda mrefu, kisha akavuta kigoda akakaa. Alikata kipande kirefu, mimi nikakipima kwenye fremu, tukakishona kwa uzi wa nyavu, nikakipaka oili. Jumatatu pikipiki iliwaka bila kukohoa, na Perpetua akaenda shule. Murangi haikutajwa tena. Ila kwa wiki mbili dada hakuniita Bibi Mapovu wala jina lingine lolote.

Miezi ikapita, bidhaa zikaanza kuonekana. Siku moja baba akarudi kutoka Bunda na sponji zima limefungwa nyuma ya kiti. Tukakaa uani kulikata. Kwanza kipande kirefu cha chujio. Baadaye akaanza kukata vifupi, kimoja baada ya kingine, vya urefu wa kiganja.

"Baba, hivyo havitoshi kwenye fremu."

"Vitatosha."

"Havitoshi, hata tukiviunga."

"Vene, weka kwenye boksi, peleka chumbani kwenu."

Nikapeleka, huku nanung'unika kwamba baba siku hizi hajui kupima.

Nilikuja kuelewa nikiwa kidato cha kwanza, chooni, peke yangu, hedhi imenianza na hakuna aliyewahi kunitamkia neno hilo. Perpetua alikuwa anajisitiri kwa godoro, na lilipokosekana la kujisitiri alibaki nyumbani. Mama alijua. Tangu siku ile baba naye alijua. Nyumba nzima ilijadili sponji la mashine mezani, mchana kweupe, na mimi mtoto nikafundishwa kulitunza hatua kwa hatua. La binti likakatwa kwa siri, nusura limpotezee shule. Mwanangu wa kwanza ana miaka minane na nimeshamweleza yote. Shangazi zake wamesema nimekosa adabu. Waendelee kusema.

Hasira yangu kwa baba haijaisha. Mtu aliyezamisha mkono ndani ya ng'ombe mpaka kwenye kiwiko, mbele ya kijiji, akataja kwa sauti kila alichokigusa, alishindwa kumwambia binti yake sentensi moja. Lakini siku ile alikaa kwenye kigoda, akaziba mdomo, akamkatia. Perpetua alimaliza shule. Vile vipande nilivibeba mwenyewe, na hakukosea kipimo hata kimoja.